Somo ni nani? Tumwangalie Antoni wa Padua

Ukiwa umebatizwa kwa jina la Antoni, tarehe 13 Juni Wakatoliki wenzako watakupa mkono na kukuambia, "Heri ya somo!" Katika Kiswahili cha kila siku, somo ni mtu mliyechangia jina, na pwani anaweza pia kuwa rafiki wa kuambiana siri, au kungwi anayemfunda mwali. Kwa Wakatoliki, huyo mliyechangia jina ni mtakatifu aliyeko mbinguni. Msimamizi ni neno pana kidogo: parokia ina msimamizi wake, hata jumuiya ndogondogo ya nyumba kumi na mbili inaye.

Kwa mafundisho ya Kanisa, mtakatifu hagawi kitu. Anakuombea kwa Mungu, basi, na ndiyo maana litania, sala ya kuwataja watakatifu mmoja mmoja, huitikiwa "utuombee". Lakini msikilize mama aliyechelewa misa, amemwaga mkoba wote kitandani: "Antoni jamani, nitafutie funguo!" Hamwombi amwombee. Anamtuma, kama unavyomtuma mtoto wa ndugu yako dukani.

Kwa nini atumwe Antoni? Mwenyewe alizaliwa Lisbon, Ureno, karibu mwaka 1195, akaitwa Fernando. Mwaka 1220 masalia ya Wafransisko watano, watawa wa Mtakatifu Fransisko, waliouawa Moroko kwa ajili ya imani yalipofikishwa Coimbra, alikokuwa mtawa wa shirika jingine, aliguswa akajiunga na Wafransisko na kuchukua jina la Antoni. Naye akaenda Moroko akitaka kufa vile vile, akaishia kuugua. Akiwa njiani kurudi, upepo ukaisukuma merikebu mpaka Sicily. Hivyo ndivyo Italia ilivyompata mhubiri wake. Alifariki karibu na Padua tarehe 13 Juni 1231, na kabla mwaka mmoja haujatimia, tarehe 30 Mei 1232, Papa Gregori wa Tisa alikwisha kumtangaza mtakatifu.

Hekaya ya kitu kilichopotea inahusu kitabu. Antoni alikuwa na kitabu cha zaburi alichokijaza maelezo yake ya kufundishia. Mnovisi mmoja, yaani kijana anayejifunza utawa, alichoka nao akatoroka na kitabu hicho. Tukumbuke, uchapaji haukuwepo: kitabu kiliandikwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kukipoteza ni kupoteza kazi ya miaka. Antoni akasali. Simulizi nyingine zinasema ibilisi mwenye shoka alimzuia yule kijana darajani. Zote zinakubaliana kwamba alirudisha kitabu, na mwenyewe akarudi utawani. Kwangu hapo ndipo penye utamu wa kisa, maana kilichopotea hasa ni yule mnovisi. Waumini wengi wamebaki na kitabu tu, na kutoka kitabu wakafika kwenye funguo.

Ibada yenyewe ni ya zamani. Katika karne hiyohiyo ya 13, Mfransisko Giuliano wa Speyer alitunga wimbo wa Kilatini unaosema kwamba vijana kwa wazee humwomba Antoni vitu vilivyopotea, nao huvipata. Unaimbwa mpaka leo, hasa Jumanne, siku aliyozikwa. Kaburi lilipofunguliwa mwaka 1263, ulimi wake ulikutwa haujaoza, na mahujaji wanaofika Padua bado wanaonyeshwa. Kisanduku cha "mkate wa Mt. Antoni", ambamo sadaka za maskini hutiwa, nacho kina hekaya yake: mama ambaye mwanawe alizama majini aliahidi kutoa nafaka ya uzito wa mtoto akifufuka, na akafufuka.

Wareno walimpeleka Antoni kila walikokwenda. Katika ufalme wa Kongo watu walivaa visanamu vyake vidogo shingoni, wakiviita Toni Malau, Antoni wa bahati njema. Mwaka 1704 msichana Kimpa Vita, aliyebatizwa Beatriz, alisema kwamba Antoni amemwingia na kumtuma auunganishe ufalme uliovunjwa na vita. Alipata wafuasi wengi sana, na mwaka 1706 akachomwa moto kama mzushi wa imani. Mtakatifu wa funguo zilizopotea alikuwa amepewa kazi ya kutafuta nchi nzima.

Lisbon hawana mzaha na mwana wao. Usiku wa kuamkia sikukuu yake mitaa hujaa moshi wa dagaa wa kuchoma, na watu hupeana vyungu vya mrihani vyenye vijishairi vya mapenzi, kwa sababu huko Antoni ni mshenga pia. Akichelewesha mchumba, anakiona: wasichana wa Ureno na Brazili huigeuza sanamu yake kichwa chini, au humnyang'anya Mtoto Yesu aliyempakata, na hawamrudishii mpaka posa ije.