Je, wajua kwa nini kazi ya mhandisi huhamia ng'ambo, ya fundi bomba ikabaki?

Wazazi wengi Unguja wakiulizwa na mtoto asomee nini, jibu wanalo: kasome kitu kigumu, uhandisi au kompyuta, hutanyang'anywa kazi. Lakini ugumu hauizuii kazi kuhama. Mwaka 1985 kampuni ya Marekani, Texas Instruments, ilifungua ofisi Bangalore, India, na kilichopelekwa huko hakikuwa kazi ya kufagia. Zilikuwa programu za kusanifia chipu, zikirushwa kwa dishi la setilaiti. Vyoo vya Texas viliendelea kuzibuliwa na watu wa Texas.

Mchumi Alan Blinder wa Chuo Kikuu cha Princeton alikadiria kuwa asilimia 22 hadi 29 ya kazi za Marekani zinaweza kufanyiwa nje ya nchi. Zinaweza, hakusema zitahama. La ajabu ni kwamba hakuona uhusiano wa maana baina ya kazi kuhamishika na ujuzi wa anayeifanya. Daktari msomaji wa picha za eksirei yumo hatarini, dereva wa daladala hayumo.

Kinachoamua ni nini, basi? Chukua kanzu ya Sikukuu. Urefu, bega, mkono na kola ukishavijua, unavituma kwa simu mpaka Maskati, na kanzu inakuja imeshonwa. Hata darizi ya shingoni, kazi ya siku kadhaa, inaagizika vivyo hivyo. Ila ikikubana kwapani, fundi hana budi akuone umeivaa, akunyanyue mkono, achome pini. Kuilegeza ni kazi ndogo mno, na ndiyo isiyosafiri, kwa sababu hakuna aliyeweza kuiandika kabla hajakugusa.

Nyumba za Mji Mkongwe ndivyo zilivyo. Mchoro wake unachoreka popote. Lakini kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti huoza pale ilipozama ukutani. Mkaguzi hugonga lipu kwa kifundo cha kidole asikilize palipo patupu, kisha huchokoa kichwa cha boriti kwa bisibisi. Aliyepaka saruji juu ya chokaa ameufungia unyevu ndani, na picha haitakwambia. Beit al-Ajaib, jumba la huko huko Mji Mkongwe la 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 likiwa kwenye ukarabati.

Kwa hiyo kijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, asijiulize tu kama asomee uhandisi. Aangalie siku ya kazi yenyewe: saa ngapi ni za skrini, ngapi za kugusa ukuta. Za skrini nazo si za kudharau, maana intaneti ile ile humletea mtu wa Michenzani, hapa Unguja, michoro ya Ulaya, ijapokuwa kazi iliyomfuata kwa urahisi wa bei itamkimbia kwa sababu hiyo hiyo. Wala ya kugusa ukuta haina hati ya kuwa yake. Kampuni isipopata hapa mtu anayeijua chokaa, humpandisha ndege mtu wa kwao.