Kuongeza elementi kwenye mchoro wa tabia: kinachotokea ndani ya modeli

Mchoro wa tabia unaeleza mfumo unafanya nini, kwa mpangilio gani, na unaitikiaje mambo yanayoutokea. Katika toleo la kwanza la SysML, lugha ya kuchora mifumo iliyotolewa rasmi na OMG, shirika la viwango vya modeli, mwaka 2007, michoro hiyo iko minne: wa matumizi, wa shughuli, wa mfuatano na wa hali. Kuongeza elementi humo, yaani kipande kimoja cha mchoro, kunaonekana kazi ndogo: unachagua umbo kwenye paleti, ile orodha ya maumbo mapya pembeni, unalibandika, unalipa jina. Lakini programu kama Cameo au Enterprise Architect si ubao wa kuchorea. Kila unachobandika kinaingia pia kwenye modeli, yaani hazina ya taarifa iliyo nyuma ya mchoro, na huko ndiko makosa yanakojificha.

Tuchukue maji. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na kwa miaka mingi jiji limetegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Tuseme mhandisi kijana anatengeneza modeli ya kituo cha kusukuma maji cha aina hiyo. Shughuli ya "Jaza tangi" ameshaieleza: pima kina cha maji, hakikisha umeme upo, washa mota, zima tangi likijaa. Sasa anachora shughuli kubwa zaidi, ya siku nzima ya kituo, ambamo tangi linajazwa alfajiri na tena jioni.

Anaweza kuchukua kitendo kipya, yaani hatua moja ndani ya shughuli, kwenye paleti mara mbili na kukiandika "Jaza tangi". Kwa macho, mchoro uko sawa. Ndani ya modeli, viboksi hivyo viwili havina uhusiano wowote na shughuli aliyoieleza; vimefanana jina tu. Au anaweza kuiburuta shughuli yenyewe kutoka kwenye mti wa modeli, orodha ya vyote ambavyo modeli tayari inavyo. Hapo programu inatengeneza kitendo cha kuita, na kwenye kona ya kiboksi inajitokeza alama ndogo kama reki. Viboksi bado ni viwili, kila kimoja na nafasi yake kwenye mtiririko, ila vyote vinaita maelezo yaleyale. Kesho ikiamuliwa klorini ipimwe kabla maji hayajaingia tangini, hatua hiyo inaongezwa mahali pamoja, na alfajiri na jioni zote zinaipata.

Mimi niko upande wa njia hii ya pili bila kusita. Kabla hujagusa paleti, tafuta kwenye mti. Paleti ni ya kile ambacho modeli haina kabisa.

Kuna jambo linalowachanganya wanaoanza: kinachotumika tena ni shughuli, si kitendo. Kitendo ni mali ya shughuli iliyokizunguka kwa fremu yake, na hakiwezi kuwa cha shughuli nyingine kwa wakati mmoja. Ndiyo maana shughuli moja inaitwa na vitendo vingi.

Kwenye mchoro wa mfuatano, unaoonyesha sehemu za mfumo zinavyotumiana ujumbe, mantiki ni hiyohiyo. Buruta pampu kutoka kwenye modeli ipate mstari wake wa maisha, yaani mstari wa wima unaoiwakilisha, kisha ujumbe unaotumwa kwake uunganishe na operesheni, yaani kazi inayoweza kuombwa kuifanya, ambayo pampu inayo kweli. Ujumbe ulioandikwa maneno tu hauna cha kukaguliwa.

Mchoro wa hali unadai umakini zaidi kwenye mishale. Mshale kutoka "Imezimwa" kwenda "Inasukuma" unaandikwa hivi: kina kimeshuka [umeme upo] / washa mota. Kwanza ni tukio linaloamsha badiliko, kwenye mabano ni sharti, baada ya mkwaju ni kitendo kinachofuata. Ukisahau sharti, modeli yako inasema pampu itawaka hata umeme ukikatika. Na tukio lenyewe lihusishwe na ishara iliyopo kwenye modeli, ileile ambayo kipima kina kinaituma. Ukiunda nyingine yenye jina linalokaribiana, ishara itatumwa na hakuna hali itakayoipokea.

Kufuta nako kuna pande mbili. Katika Enterprise Architect, kitufe cha Delete kinaondoa elementi kwenye mchoro tu, nayo inabaki kwenye modeli. Ctrl na Delete kwa pamoja vinaifuta kwenye modeli yote, pamoja na michoro mingine inakoonekana. Kama modeli mnaitumia watu kadhaa, angalia kwanza elementi hiyo inatumika wapi kwingine.