Malengelenge na nyufa kwenye ganda la akriliki la jakuzi

Ganda la jakuzi ni lile beseni lenyewe unaloketi ndani yake. Kwa macho ni kitu kimoja, kumbe ni matabaka mawili yaliyogandana. La juu ni akriliki, bamba la plastiki ngumu lenye unene wa milimita chache tu, ambalo hupashwa moto hadi likalegea, kisha hewa ya chini yake ikanyonywa ili lishike umbo la kalibu. La nyuma ni fibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Akriliki hung'aa na kuzuia maji, ila anayebeba mzigo ni fibaglasi. Bila kulijua hilo, mtu ataishia kupaka fila, ile rojo ya kuzibia mashimo, juu ya tatizo lililo chini.

Lengelenge, basi, ni mahali ambapo matabaka hayo yameachana na akriliki ikavimba. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole hulia mtupu, kama plasta iliyobanduka ukutani. Chanzo kikubwa ni joto. Akriliki ikipata moto hutanuka kuliko fibaglasi, na mvutano huo hulemea kiungo kati yao. Jakuzi yenye maji hujipoza. Iliyomwagwa maji na kuachwa wazi juani haina cha kuipoza, hasa kama ni ya rangi nyeusi au ya buluu iliyokolea. Chanzo kingine ni uzembe wa kiwandani: resini haikushika vizuri, au hewa ilibaki kati ya matabaka. Jakuzi ya namna hiyo huweza kuvimba hata kwa mmiliki mwangalifu, na kama dhamana bado ipo, hapo ndipo pa kuanzia kabla hujashika drili.

Lengelenge dogo ambalo halijapasuka na halikui linaweza kuachwa. Kulitoboa kwa ajili ya urembo tu naona ni kujitafutia kazi. Linaloendelea kukua hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa matundu mawili madogo, kukausha ndani kabisa, kusukuma epoksi nyepesi (aina ya resini inayogandisha kama gundi) kwa bomba la sindano kupitia tundu moja hadi itokeze kwenye la pili, kisha kuligandamiza kwa uzito mpaka epoksi ikauke. Njia hii hufaa pale ambapo akriliki bado inakubali kurudi chini. Ikiwa imekakamaa katika uvimbe wake, hukatwa yote iliyoachana, hadi kufikia sehemu iliyoshikana, fibaglasi ikakwaruzwa kwa msasa, na shimo likajazwa fila ya resini. Unyevu ukibaki ndani, kazi yote ni bure, kwa sababu fila haitashika.

Nyufa nazo hazifanani. Zipo zile laini, nyingi, zilizokatizana, ambazo ukucha haunasi. Hizo ziko usoni tu, na mara nyingi huletwa na kemikali: asetoni, tina ya kuyeyushia rangi, au klorini nyingi iliyokaa mahali pamoja. Kwa hiyo ganda la akriliki halifutwi kwa asetoni hata wakati wa matengenezo. Ufa unaonasa ukucha, unaorefuka, au unaovujisha maji ni habari nyingine. Lita 1,500 za maji zina uzito wa kilo 1,500, kabla hata watu hawajaingia. Sakafu ikiwa haiko sawa, au chini ya kiti pakiwa hapana kitu cha kuegemeza, ganda hunesa kila mtu anapoketi. Jaribio ni rahisi: maji yakiwa yametoka, bonyeza kando ya ufa kwa kiganja. Ukiona kingo zinacheza, tengeneza kwanza egemeo la chini, na ikiwezekana ongeza fibaglasi kwa nyuma. Fila pekee itapasuka palepale.

Ganda likishatulia, tundu la milimita 3 hivi hutobolewa katika kila ncha ya ufa. Ncha kali ndiyo inayokusanya mvutano wote. Tundu la duara huutawanya, na ufa haurefuki tena. Kisha ufa hupanuliwa uwe mfereji wenye umbo la V, kwa kuwa fila inahitaji kuta za kushikilia. Angalia pia mpangilio wa vifaa: epoksi hushika vizuri juu ya poliesta, aina nyingine ya resini, ila poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi.

Fila huachwa ipande kidogo juu ya uso, kisha husawazishwa kwa msasa wenye maji, kuanzia namba 220 au 320, ukipanda taratibu hadi 2000, na mwisho polishi. Rangi ndiyo ngumu kuliko yote. Kwenye ganda jeupe kiraka huweza kufichika. Kwenye lile lenye michirizi ya marumaru kitaonekana kwa anayekitafuta, hata fundi awe hodari namna gani.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya kumwaga maji, na barakoa ivaliwe wakati wa kupiga msasa, maana vumbi la fibaglasi huwasha ngozi na kukereketa koo. Maji hayarudishwi mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo uishe: fila inaweza kuwa ngumu usoni huku ndani bado haijakomaa, na maji ya moto ya nyuzi 38 au 40 yatailegeza.