Maji ya Ruzizi: utabiri mmoja hautoshi

Hapa Bukavu umeme ukikatika Agosti, watu husema yamepungua maji ya Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu na kuendesha mitambo ya umeme wetu. Wakati mwingine ni kweli. Mimi mhaidrolojia, yaani mtaalamu wa mwendo wa maji, huanza kwa kulitazama ziwa.

Ziwa Kivu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,400. Piga hesabu: sentimita moja tu ya kina chake ni mita za ujazo milioni 24. Ruzizi huondoa ziwani, kwa wastani, kama mita za ujazo 100 kwa sekunde. Sentimita hiyo moja basi inaulisha mto karibu siku tatu. Bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ndilo lenye malango ya akiba hiyo. Ruzizi II ya mwaka 1989, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi, huyatumia tena maji yaleyale.

Mvua zinapokoma kuelekea Juni, ndipo hesabu ya kiangazi inapofanywa. Soma kimo cha ziwa, jumlisha mito inayoingia, toa maji yatakayokaushwa na jua, kisha chora mistari mitatu: mwaka mkavu, wa kawaida na wa maji mengi. Anayepanga kwa mstari wa katikati peke yake anahatarisha mitambo yote miwili, kwani akiachia maji mengi Juni na mvua za Septemba zikachelewa, hana pa kukopa. Kuna pia takataka za plastiki tunazozitupa mtoni na ziwani. Hizo huziba njia ya maji hata ziwa likiwa limejaa, na hakuna utabiri wa mtiririko unaoziona. Jambo hili linaniuma sana.

Ukishuka kwenye uwanda wa Ruzizi, hali ni nyingine kabisa. Upande wetu wa Kongo, mifereji mingi ya mpunga, kama ile ya Luberizi, huchukua maji ya mito inayoshuka milimani. Mito hiyo haina ziwa nyuma yake. Mvua kubwa ikipiga huko juu, tope linafika chini baada ya saa chache. Watu wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika.

Kwa hiyo mkulima wa Luberizi tusimpe mchoro wa Ziwa Kivu. Tuweke vipimo vya mvua milimani, na anayevisoma ampigie simu mlinzi wa mfereji ashushe lango kabla tope halijaingia. Na kabla ya kiangazi, kamati ya mfereji ipewe makadirio ya maji machache kabisa yanayotarajiwa, ili iamue mashamba gani yapandwe mpunga na yapi yapewe mahindi au maharage.