Dončić hakununuliwa: tunayokosea kijiweni kuhusu wachezaji wa NBA

Dallas ilikuwa bado Jumamosi usiku. Hapa Kigoma ilishakuwa saa mbili asubuhi, Jumapili ya 2 Februari 2025, simu zilipoanza kuita: Luka Dončić, nyota wa timu ya Dallas, kapelekwa Los Angeles Lakers. Kijiweni kwetu Mwanga swali la kwanza likawa lile lile tunalouliza Simba au Yanga wakimwachia mshambuliaji: "Kauzwa bei gani?" Makosa mengi yanaanzia hapo. Usajili tumejifunzia kwenye soka, tukaja na mizani yake kwenye kikapu.

Dhana: Lakers walimnunua.

Ukweli: NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, haina ada ya uhamisho kama ya soka. Timu hubadilishana wachezaji na machaguo, yaani haki za kuchagua chipukizi kwenye drafti, zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Fedha taslimu huweza kuongezwa, lakini kwa kiwango kilichowekewa kikomo. Mkataba nao unasafiri na mchezaji, timu mpya inaendelea kuulipa ulivyo. Ligi ina kikomo cha mishahara pia, kwa hiyo timu iliyokwisha kukivuka haiwezi kupokea nyota huku ikitoa vijana wawili wa mshahara mdogo, maana mishahara inayotoka na inayoingia sharti ikaribiane. Ndiyo sababu aliyekwenda Dallas ni Anthony Davis. Msimu ule yeye na Dončić kila mmoja alikuwa analipwa takriban dola milioni 43. Dallas waliongezewa Max Christie na chaguo la Lakers la raundi ya kwanza la mwaka 2029.

Kwa hiyo anayesema "wangemchukua fulani" aanze kwa kutuambia mshahara wa huyo fulani. Hata hivyo mimi bado naona Dallas walipunjwa. Chaguo moja tu la raundi ya kwanza, kwa kijana wa miaka 25 aliyewafikisha fainali ya 2024? Meneja mkuu aliyeamua hilo, Nico Harrison, alifukuzwa Novemba 2025.

Dhana: nyota mkubwa haendi asikotaka.

Ukweli: anakwenda. Dončić hakuomba kuondoka. Damian Lillard aliomba mwenyewe mwaka 2023, akataka Miami, akajikuta Milwaukee. Kipengele cha kukataa kuhamishwa kipo, ila wachache wanacho. Ili timu ikubali kukiandika kwenye mkataba, mchezaji awe ametimiza misimu minane NBA, minne kati ya hiyo akiwa na timu hiyo hiyo.

Dhana: kujenga timu upya ni kufungwa makusudi, kisha unakabidhiwa kijana bora.

Hii ndiyo inayotuchosha zaidi, na nadhani kwetu ina chanzo chake. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Jamaa mmoja hapa kijiweni, ambaye anauza dagaa Kibirizi, anasema kujenga timu upya ni hivyo hivyo: unavumilia njaa, unafungua, unavua migebuka minono. Mfano mtamu, ila kwenye NBA ukishavumilia njaa yako kuna bahati nasibu inakusubiri. Mwaka 2024 na 2025, kila moja ya timu mbili za mkiani kabisa ilikuwa na nafasi ya asilimia 14 tu ya kupata chaguo la kwanza. Detroit Pistons msimu wa 2023/24 walifungwa mechi 28 mfululizo, wakashinda 14 kati ya 82, halafu wakaangukia chaguo la tano. Na mwaka 2025 nani alichukua la kwanza? Dallas hao hao waliotoka kumtoa Dončić, wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8. Wakamchukua Cooper Flagg. Muuza dagaa wetu siku hiyo alinyamaza mpaka kahawa ikapoa.

Dhana: chaguo la juu ni nyota tayari.

Sisi Watanzania ndio tungekuwa wa mwisho kuamini hili. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Memphis, timu iliyomchagua, walimpeleka Thabeet Houston Februari 2011, hata misimu miwili haijatimia. Simsemi vibaya, kufika pale alifika, na hakuna Mtanzania aliyemtangulia. Lakini ukimwona shabiki anahesabu chaguo la pili kama fedha benki, mtajie jina hilo.

Dhana: anayetoa nyota ndiye mjinga.

Oklahoma City walimtoa Paul George mwaka 2019. Walirudishiwa Shai Gilgeous-Alexander na rundo la machaguo, moja likawa Jalen Williams. Msimu wa 2021/22 walishinda mechi 24 tu na watu wakawacheka. 2025 wakawa mabingwa, Shai akiwa mchezaji bora wa ligi. Miaka sita.

Ndiyo maana hukumu ya Dončić iliyotolewa kijiweni asubuhi ile, kabla hata chapati hazijaiva, naiona ya mapema. Kijana atakayechaguliwa kwa lile chaguo la 2029 huenda wakati huo alikuwa na miaka kumi na tano, amelala, Jumatatu ana shule.