Ioniq 5 N: wabishi wanahesabu sekunde, gari linapambana na joto

Hyundai walipolionyesha Ioniq 5 N, gari lao la umeme la mwendo kasi, kule Goodwood, Uingereza, Julai 2023, ubishi ulianza kabla mnunuzi wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo. Wapo walioshika bei, wapo walioshika sekunde, na wapo waliokasirishwa na sauti inayotoka kwenye spika. Mimi ni mpenzi wa magari ya aina hii, na katika mabishano hayo naliona kosa moja likijirudia: gari la umeme la mbio linapimwa kwa mtihani ambao karibu kila gari la umeme lenye nguvu hufaulu, yaani kuchomoka pale taa inapowaka kijani. Kazi ngumu ya waliolitengeneza ilikuwa kwingine kabisa.

"Sifuri hadi mia ndiyo inayoamua"

Tuanze na namba zenyewe. Ioniq 5 N lina mota mbili, moja mbele na moja nyuma, ambazo kwa pamoja hutoa nguvu farasi 609. Dereva akibonyeza kitufe chekundu kwenye usukani, zinapanda hadi 650 kwa sekunde 10. Kwa msaada huo gari hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4. Tesla Model 3 Performance ya mwaka 2024 hutumia sekunde 3.1, na Marekani ilitoka kwa dola 52,990 wakati Ioniq 5 N lilianzia dola 66,100. Mwenye kipimo hicho kimoja ameshafunga hesabu: Tesla inashinda, tena kwa pesa pungufu.

Hesabu hiyo ina kasoro. Kwanza, sekunde hazihesabiwi kwa namna moja kila mahali. Marekani kuna desturi ya kutohesabu futi ya kwanza ya mwendo, kwa hiyo saa huanza gari likiwa tayari linatembea. Tesla wenyewe huandika hivyo kwenye takwimu yao ya maili 60 kwa saa. Anayechukua namba ya Marekani akailinganisha na namba ya Ulaya anapima kwa vipimo viwili tofauti.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mota ya umeme hutoa msukumo wake wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haisubiri turbo wala haisubiri injini ipande. Ndiyo maana kuchomoka kwa kasi, jambo lililokuwa la magari ya matajiri wachache, sasa linapatikana kwenye gari la kubebea watoto shuleni. Swali linalotenganisha magari ni lingine: ukirudia mara ya tano, ya kumi, nguvu ile bado ipo?

Betri ikitoa umeme mwingi kwa mkupuo hupata joto, na mota vilevile. Gari la mafuta likichemsha unaona moshi na unasimama pembeni. Gari la umeme halifiki huko, kwa sababu kompyuta yake huona joto linapanda na kuanza kupunguza nguvu ili kuilinda betri. Dereva anakanyaga vilevile, gari halivuti kama mwanzo. Magari mengi ya umeme yenye namba za kutisha kwenye karatasi yameishia hapo kwenye viwanja vya mbio, baada ya mzunguko mmoja au miwili.

Herufi N ya Hyundai inasimamia mahali pawili: Namyang, kilipo kituo chao cha utafiti Korea Kusini, na Nürburgring, njia ya mbio ya Ujerumani ambayo mzunguko wake mkubwa unakaribia kilomita 21. Lengo lililotangazwa lilikuwa gari limalize mizunguko miwili pale bila kupoteza nguvu nyingi. Kwa ajili hiyo upozaji uliimarishwa, na dereva akapewa uwezo wa kuiandaa betri kabla ya kuingia uwanjani. Akitaka kukimbia mbio fupi za njia iliyonyooka, betri hupashwa moto hadi kwenye joto linalotoa nguvu nyingi zaidi. Akitaka mizunguko mingi, betri hupozwa kwanza, ili iwe na nafasi ya kupanda joto kabla ya kompyuta kuingilia. Kwangu mimi hiki ndicho kitu bora kabisa kwenye gari hili, na nasikitika kwamba wabishi hawakitaji kwa sababu hakiandikiki kwa namba moja.

"Ukilikimbiza hivyo, betri inakufa mapema"

Hofu hii ina chanzo cha kweli. Baadhi yetu Afrika Mashariki tulilijua gari la umeme kwa mara ya kwanza kupitia Nissan Leaf za mtumba kutoka Japani. Leaf za mwanzo hazikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji, na kwenye joto kali betri zilishuka uwezo haraka. Wenye Leaf wa jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika sana mwaka 2012. Aliyeendesha Leaf iliyobaki na nusu ya chaji yake ya awali ana haki ya kuogopa.

Ila betri ya Ioniq 5 N, ya kilowati-saa 84, hupozwa kwa majimaji yanayozungushwa na pampu, na hilo linabadilisha mambo. Joto halijaacha kuwa adui wa betri, ila sasa lina wa kulizuia. Marekani Hyundai huidhamini betri kwa miaka 10 au maili 100,000. Australia wamekwenda mbali zaidi: dhamana ya magari ya N inakubali yaendeshwe kwenye uwanja wa mbio, mradi yasiwe mashindano wala mbio za kupimwa muda. Mnunuzi wa nchi nyingine asidhani kwamba ana dhamana hiyohiyo. Asome karatasi ya nchi yake.

"Tani mbili na ushei haziwezi kupinda wala kusimama"

Uzito ni kweli. Ni takriban kilo 2,200, na hakuna programu inayoweza kuufuta. Kinachosahaulika ni kwamba mota zilezile zinazolisukuma gari huweza kulizuia: dereva akifunga breki zinageuka jenereta, zinarudisha umeme kwenye betri na kulipunguza mwendo kwa nguvu inayofika hadi 0.6 ya mvutano wa dunia. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla pedi hazijakaza sana, kwa hiyo diski, ambazo za mbele zina kipenyo cha milimita 400, hazichomeki kama ambavyo uzito huo ungeonyesha.

Pale uzito unapodai haki yake ni kwenye matairi. Ni ya inchi 21, mapana ya milimita 275, na bei yake si ya mchezo. Anayepanga kwenda uwanjani mara kwa mara ayahesabu kabla ya kuhesabu umeme.

"Gia na sauti ni ulaghai"

Hapa ndipo watu hugombana kweli. Gari linaiga gia nane ambazo halina. Programu hukata msukumo wa mota na kuurudisha kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwili ukahisi gia imeingia. Ukisahau kupandisha gia kwa vile vibao vya nyuma ya usukani, msukumo unagota, kama injini iliyofika mwisho wa uwezo wake. Sauti hutoka kwenye spika 10, 8 za ndani na 2 za nje, na unaweza kuchagua mlio unaofanana na injini ya turbo ya lita mbili au mwingine uliotungwa kwa kuiga ndege za kivita.

Wanaosema haya hayaongezi kasi wamesema kweli. Anayetafuta muda bora atayazima. Wanaosema hayana maana wamekosea. Dereva kwenye kona hana nafasi ya kutazama dashibodi. Kwenye gari la mafuta masikio humwambia yuko kwenye mwendo gani na abaki na gia ipi, na gari la umeme lililo kimya humnyang'anya taarifa hiyo. Hyundai wameirudisha kwa njia nyingine. Nami siuoni ulaghai katika jambo ambalo mtengenezaji amelitangaza wazi na kukuwekea pa kulizimia.

"Linachajiwa kwa dakika 18"

Dakika 18 ni kutoka asilimia 10 hadi 80, kwenye chaja ya kilowati 350, betri ikiwa kwenye joto linalofaa. Ni asilimia 70 ya betri, yaani kilowati-saa 59 hivi. Kwenye chaja ya kilowati 50, ambayo nayo huitwa ya haraka, kazi hiyohiyo ni zaidi ya saa nzima. Nyumbani, kwenye chaja ya kilowati 7, betri iliyoisha hujaa kwa takriban saa 12. Kabla ya kuamini dakika 18, jua ni chaja gani iliyo karibu nawe.

Umbali nao unabishaniwa bure. Ulaya imeandikwa kilomita 448, Marekani maili 221, ambazo ni kilomita 356. Hakuna aliyedanganya, taratibu za kupima ni tofauti, na ya Marekani ni kali zaidi. Kwenye uwanja wa mbio zisahau zote mbili.

"Gari la umeme halina cha kuharibika"

Halina oili ya injini, plagi wala ekzosi. Lakini lina kifaa kinachochaji betri ile ndogo ya volti 12, na betri hiyo ndiyo inayoendesha kompyuta, kufuli na taa. Machi 2024 magari zaidi ya 147,000 ya Hyundai, Kia na Genesis, chapa za kundi moja, yaliitwa kurekebishwa Marekani kwa sababu kifaa hicho kilikuwa kikiharibika. Betri ndogo ikakosa chaji, na gari likaweza kupoteza nguvu barabarani ingawa betri kubwa ilikuwa imejaa. Miongoni mwao yalikuwamo Ioniq 5 na Kia EV6. Baadaye mwaka huohuo wito uliongezwa ukagusa magari mengine.

Kwa hiyo ukilitafuta gari lolote la ukoo huu, hasa lililokwisha kutumika, chukua namba ya chasisi uende nayo kwa wakala wa chapa yake. Muulize kama gari hilo liliitwa, na kama liliitwa, akuonyeshe kumbukumbu kwamba kazi ilifanyika.