Haiti: Rais Asiyeondoka kwa Kura

Tangu polisi wa Kenya watue Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 2024, tunaulizwa sana magenge ya Haiti yalipata wapi nafasi ya kutamba. Jibu moja tunalipata kwenye kiti cha rais.

Dessalines, aliyetangaza uhuru 1804 baada ya waliokuwa watumwa kuwashinda Wafaransa, alijitawaza kaizari, 1806 akauawa. Katiba ya 1816 ya Rais Alexandre Pétion ikaweka urais wa maisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo mkosi ulipoanza: mtu asiyetolewa kwa kura hutolewa kwa bunduki. Isitoshe, hazina ilitegemea ushuru wa forodha, hasa wa kahawa. Aliyeteka mji mkuu na bandari alikuwa ameteka serikali nzima, na majenerali wa kaskazini walilijua hilo vizuri. Agosti 1912 ikulu ililipuka, Rais Cincinnatus Leconte akafia humo. Julai 1915 umati ulimkokota Rais Vilbrun Guillaume Sam kutoka ubalozi wa Ufaransa alikojificha, ukamuua, kwani wafungwa wa kisiasa zaidi ya 100 walikuwa wamechinjwa gerezani na watu wake. Siku hiyohiyo wanajeshi wa Marekani wakashuka pwani. Walikaa hadi 1934.

François Duvalier, daktari aliyechaguliwa 1957, hakuliamini jeshi lililozoea kuangusha marais, akajiundia wanamgambo wake, Tonton Macoute. Mwaka 1964 akawa rais wa maisha. Alipokaribia kufa, katiba ilimtaka rais awe na miaka 40. Mwanawe Jean-Claude alikuwa na 19. Umri huo ukashushwa. Fundi cherehani asingepima vizuri zaidi! Kijana alitawala hadi Februari 1986 alipokimbilia Ufaransa.

Katiba ya 1987 ilikuja kuufunga mlango huo: muhula wa miaka 5, marufuku kuunganisha mihula miwili, na waziri mkuu anayeidhinishwa na bunge. Jeshi halikujali, likampindua Rais Jean-Bertrand Aristide Septemba 1991, hata mwaka hajamaliza. Lakini katiba yenyewe nayo ina mwanya: uchaguzi ukichelewa, muda wa wabunge unakwisha na rais anabaki peke yake. Januari 2020 Rais Jovenel Moïse akaanza kutawala kwa amri zake, bila bunge. Wapinzani walisema muhula wake ungekwisha Februari 2021, yeye akashikilia 2022. Julai 2021 aliuawa nyumbani kwake. Waliobaki kati ya waliochaguliwa kitaifa walikuwa maseneta 10 kati ya 30, na Januari 2023 muda wao nao ukaisha. Kiti kitupu hicho ndicho nafasi ambayo magenge yaliipata.